Mkazo Ulipohama

Kila siku ya kazi, saa tano na robo asubuhi, msomaji wa habari alitoka kwenye lango la redio na bahasha ya kaki kwapani, akavuka barabara mbili, akaingia kwake kwa mlango wa jikoni. Mji mzima ulimjua kwa jina la Sauti. Ndani ya bahasha mlikuwa na habari za Kiingereza za saa saba mchana, karatasi zikiwa bado na joto la mashine. Mkewe alikuwa ameshakaa mezani, miwani puani, penseli mbili mbele yake: nyeusi ya kukata maneno, nyekundu ya kuweka mkazo.

"Haya, mwanafunzi wangu, leo wametuletea nini?"

"Bunge na kilimo, Mwalimu. Kuna neno moja refu kama treni ya mizigo."

"Lilete tulifungue mabehewa."

Alimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, na kweli alikuwa mwalimu. Alifundisha Kiingereza chuo cha ualimu kwa miaka thelathini, vipindi vya asubuhi na mapema tu, na nusu ya walimu wa shule za mji ule walipita mikononi mwake. Neno likija, alilipiga vijistari vyembamba vya penseli nyeusi: un-con-sti-tu-tion-al. Kisha akalivua viambishi kimoja kimoja, cha mbele kwanza, halafu vya nyuma, mpaka shina likabaki peke yake katikati. Mwisho penseli nyekundu ilishuka juu ya silabi moja tu, TU, kwa alama ndogo kama tundu la sindano.

"Ukiona *tion*, usihangaike kutafuta," alikuwa akimwambia. "Mkazo umekaa kwa jirani yake wa mbele. Mgongee mlango huyo."

Sauti alikunywa chai huku akisoma kwa kunong'ona. Saa sita na nusu alirudi kazini, na saa saba kamili sauti yake nzito, isiyo na haraka, ilisikika madukani, gereji na kwenye vinyozi. Mwalimu naye alibaki mezani na redio ndogo. Mpiga chapa alikuwa akimtengea nakala ya pili, naye aliipiga alama zilezile, akamfuata mumewe kwa kidole, neno kwa neno. Mume akirudi jioni alimpa maksi. Miaka thelathini na minne hakuwahi kumpa kumi juu ya kumi. "Tisa na nusu," alikuwa akisema. "Hiyo nusu ni yangu, ya kukuwekea."

Mwanzo wao haukuwa na fahari yoyote. Sauti aliingia redioni kama mbeba nyaya. Siku moja msomaji alilazwa na homa, mkuu wa wakati huo akamsukuma studioni kwa kuwa alikuwa na koo zuri na alijua kusoma. Koo lilikuwa zuri kweli, lakini Kiingereza chake kilitembea kwa miguu ya Kiswahili. Sisi mkazo wetu hauna safari ndefu, unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukiongeza kiambishi nao unasogea pamoja: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Basi naye akasoma hos-PI-tal, akasoma min-IS-ter, akasoma de-vel-OP-ment, kwa kujiamini kabisa. Kesho yake mkuu akamwambia aende chuoni akatafute mtu wa kumnyoosha ulimi. Akakuta mwanamke mwembamba akifuta ubao, akamwomba. Mwanamke akamwambia asome sentensi moja. Akaisoma. Mwanamke akacheka mpaka akakaa chini, halafu akasema, "Samahani, kaka. Sauti yako ni ya mfalme, ila umemvalisha viatu vya kushoto miguu yote miwili." Mwaka uliofuata wakaoana.

Siku mambo yalipoanza kuharibika ilikuwa Jumatano. Habari ya pili ilihusu mbolea. Sauti alikuwa na kawaida ya kutowaza maana ya neno akiwa mbele ya maikrofoni. Jicho liliona wekundu, ulimi ukatii. Basi akasoma ag-ri-cul-TUR-al badala ya ag-ri-CUL-tur-al, mara tatu katika taarifa moja, pasipo kushtuka. Aliposhtuka ni pale alipotoka studioni akamkuta fundi mitambo amejishika mbavu.

"Mzee, leo umetuchanganyia mbegu!"

Akaitazama karatasi. Alama nyekundu ilikuwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, imewekwa kwa mkono uleule usiotetemeka. Akajisemea labda alikuwa na usingizi. Jioni alipofika nyumbani akasubiri kuona mkewe atasema nini, maana alijua amesikiliza.

"Tisa na nusu," Mwalimu akasema, akitabasamu. "Leo umesoma vizuri mno."

Sauti akakaa kitako.

Wiki ile kukawa na kosa lingine, wiki ya pili yakawa matatu. Halafu yakaja mambo mengine ambayo hayakuhusu maneno. Mwalimu aliweka sukari kwenye mchuzi. Alikwenda dukani akarudi mikono mitupu, akasema duka wamelihamisha. Binti yao, ambaye aliuza dawa katika duka la dawa upande wa pili wa mji, akaja siku moja, akamtazama mama yake akifunga vifungo vya sweta, akamvuta baba yake uani.

"Baba, mama anaumwa. Tumpeleke akapimwe."

Walimpeleka. Daktari alikuwa mpole, akamwambia Mwalimu achore saa, na Mwalimu akachora saa nzuri yenye namba zote upande mmoja. Daktari akaeleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo wa kusahau, hauna tiba, utakwenda polepole kisha hautakwenda polepole. Njiani kurudi Mwalimu alikuwa mchangamfu. "Kijana yule anajua kazi," akasema. "Lakini anasema *hos-PI-tal*. Nani alimfundisha?" Kwa kweli daktari alikuwa amesema *HOS-pi-tal*, sawasawa kabisa. Sauti akamshika mkono.

Usiku ule alizitandaza karatasi za mwezi mzima kitandani mwa chumba cha wageni, akazipitia moja moja. Ndipo alipoona jambo lililomkata maini. Mkewe hakuwa akikosea ovyo. Kila alama iliyohama, ilihamia silabi ya pili kutoka mwisho. E-con-O-my. Re-spon-si-bil-I-ty. Cab-I-net. Kiingereza alichokisomea tangu utotoni kilikuwa kinamtoka, na mkono wake ulikuwa unarudi pale ulipozaliwa, kwa mama yake aliyemfundisha kusema maji na mlango.

Binti alitoa shauri jepesi: asimpelekee tena habari. Sauti akajaribu. Siku ya kwanza akaingia jikoni bila bahasha, akasema leo hakuna maneno marefu. Siku ya pili akasema mpiga chapa anaumwa. Siku ya tatu alimkuta Mwalimu amekaa kwenye ngazi ya mlango, penseli mkononi, macho yamevimba.

"Niambie ukweli, bwana. Umepata mwingine?"

"Mwingine wa nini?"

"Wa kukuwekea. Ni kijana, eh? Ana macho mazuri? Nimezeeka, najua, lakini ungeniambia kwa mdomo wako."

Sauti akacheka, kisha kicheko kikamgeukia. Akapiga magoti pale pale kwenye ngazi. "Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuniwekea, Mwalimu."

Kesho yake bahasha ikarudi. Safari hii alifanya ujanja. Alimwachia mkewe nakala mbili apige alama, akashukuru, akaondoka na moja. Akifika kazini aliiweka kwenye droo, akachukua nakala nyingine isiyo na alama, akafungua kamusi kubwa ya maktaba ya redio, akajiwekea alama mwenyewe kwa kutoka jasho. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Aligundua kwamba miaka yote ile alikuwa akila chakula kilichopikwa. Alisoma vizuri siku hiyo, maneno yote yalikaa pahali pake, naye akarudi nyumbani akitembea kwa raha kidogo.

Akamkuta Mwalimu ameketi mezani bila taa, karatasi mbele yake imekunjamana kwa jasho la kidole.

"Hukusoma nilivyoweka," akasema.

"Nilisoma, Mwalimu."

"Usinidanganye. Nilikuwa nakufuata kwa kidole. Huku nimeweka hivi, wewe unasema vile. Neno baada ya neno." Sauti yake ikapasuka. "Nimekuwa mjinga, eh? Nimekuwa kama wale waliokuwa wananijia darasani hawajui hata pa kuanzia. Niambie tu. Mimi ni mjinga?"

Sikio lake, basi, bado lilikuwa linasikia tofauti. Hakujua tu tena nani kati yao aliyepotea. Siku mbili hakula. Penseli nyekundu aliitupa nyuma ya jiko, Sauti akaiokota akiwa amelala kifudifudi sakafuni, na vumbi la mkaa likamjaa kwenye kola.

Siku ya tatu alimpelekea bahasha na kumwomba. Mwalimu akakataa. Akamwomba tena. Mwalimu akaweka alama moja, akamtazama usoni kama mtoto anayengoja kofi. Kisha nyingine. Saa sita na nusu Sauti akaondoka na karatasi hizo, na hakuifungua droo wala kamusi. Aliketi mbele ya maikrofoni, taa nyekundu ikawaka, akasoma kila neno kama mkewe alivyoweka. Min-IS-ter. U-ni-ver-SI-ty. In-ves-TI-gate. Kijasho chembamba kilimtiririka mgongoni, lakini sauti yake haikuyumba hata mara moja. Aliporudi jioni, Mwalimu alikuwa amepika.

"Tisa na nusu," akasema.

Akaendelea hivyo kwa wiki saba.

Mji haukumhurumia, na ungemhurumiaje, haukujua kitu. Kwanza walipiga simu. Kisha walimu wa shule wakaandika barua, wengine wakiwa wanafunzi wa Mwalimu mwenyewe, wakisema redio inawaharibia watoto. Kinyozi aliyekuwa akimnyoa Sauti kwa miaka kumi akaanza kumpokea kwa kelele, "Karibu, min-IIIS-ter!" na wateja wote wakaangua kicheko. Sauti alicheka nao, akalipa, akatoka na nusu ya kidevu bado ina povu.

Mkuu wa habari alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, mwenye haya. Alisomeshwa na Mwalimu chuoni kabla ya kuingia redioni. Alimwita Sauti ofisini, akafunga mlango, akahangaika na kalamu.

"Mzee wangu, niambie tu umechoka. Au ni meno? Kama ni meno kuna daktari ninayemjua."

"Ni meno," Sauti akasema.

"Meno hayahamishi mkazo, mzee."

Wakatazamana. Sauti angeweza kusema neno moja na mambo yote yangenyooka. Lakini alimwona yule bwana alivyokuwa kijana, akija nyumbani na daftari, akimnyenyekea Mwalimu mpaka anasahau kukaa. Akainuka, akaaga.

Wiki iliyofuata akahamishiwa stoo ya kanda za sauti za zamani, chumba kirefu kisicho na dirisha nyuma ya jengo, kazi yake ikawa kufuta vumbi na kuandika lebo. Nafasi ya saa saba akapewa msichana aliyetoka chuo. Sauti hakumwambia mkewe. Aliendelea kuja saa tano na robo na bahasha, akaendelea kuwekewa alama, akarudi kazini. Saa saba alifungiwa na kanda, na nyumbani redio ilizungumza kwa sauti ya kike. Siku ile ya kwanza alirudi jioni akihofia ameshagundulika.

"Huyu msichana anasoma vizuri," Mwalimu akasema. "Nani anamwekea?"

"Sijui."

"Mwambie mume wangu amsikilize. Atajifunza."

Sauti akavua kofia, akaishika mikononi. "Mume wako yuko wapi?"

"Kazini," Mwalimu akajibu, akimtazama kwa adabu anayotazamwa mgeni. "Anarudi jioni. Kaa, baba, nikupe maji."

Mkuu wa habari alikuja nyumbani mwezi ule, siku ya Jumamosi asubuhi, na matunda kwenye mfuko. Nafsi ilikuwa imemsuta kwa kumshusha mzee. Mwalimu alimpokea vizuri, hakumtambua, akamwonyesha karatasi zake. Juu ya ukurasa mzima hapakuwa tena na silabi. Kila herufi ilikuwa imekatwa peke yake, na wekundu umetapakaa kama upele. Mkuu alizishika karatasi zile kwa muda mrefu. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa maji.

Walitoka uani, wao wawili.

"Ulikuwa unasoma alama zake."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekutetea! Nitasema sasa hivi, redioni, kila mtu ajue. Nitakurudisha saa saba."

"Hutasema." Sauti alizungumza taratibu, kama alivyokuwa akisoma taarifa za misiba. "Wewe ulifundishwa na nani kusoma?"

"Na yeye."

"Na wale walioandika barua?"

Mkuu akainamisha kichwa.

"Wakicheka, wanicheke mimi. Mimi ni mbeba nyaya, walianza kunicheka zamani, hata yeye alinicheka mpaka akakaa chini." Hapo akatabasamu kidogo. "Lakini yeye asichekwe. Wala asihurumiwe. Nikuombe hilo tu, mwanangu."

Mkuu akakubali kwa kichwa. Alichoweza kufanya alikifanya: aliagiza Sauti aruhusiwe kutoka stoo mapema kila siku, saa nne asubuhi, na asiulizwe.

Mwaka ule ulikwenda. Kiingereza kiliondoka chote, hata kile cha salamu, na baadaye Kiswahili nacho kikaanza kukatika vipande. Binti alihamia pale, na mume wake alimletea nguo kila Ijumaa. Miezi ya mwisho Mwalimu alikuwa na maneno machache, yote mafupi: maji, njoo, baridi, mama. Sauti alimlisha uji kwa kijiko, akamsomea magazeti bila kujali mkazo umekaa wapi, kwa kuwa alitulia akisikia koo lile likinguruma karibu. Alifariki asubuhi moja ya mvua, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya mkono wa mumewe na mwingine ukiwa ndani ya wa binti. Wanafunzi wake walijaa mazikoni mpaka barabarani. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema hawajaona mtu aliyekijua Kiingereza kama yeye. Sauti alisimama mstari wa mbele. Alisikia nyuma yake mtu akinong'ona, "Na mume ndiye yule aliyekuwa akituchekesha redioni," na mwingine akamnyamazisha.

Binti alisikia pia. Walipobaki wenyewe nyumbani alilipuka.

"Baba, basi! Ameshapumzika. Waambie. Nitakwenda mwenyewe, nitawaambia mmoja mmoja."

"Hutakwenda."

"Wanakudharau!"

"Wanamheshimu," Sauti akasema. "Umewasikia leo? Hakuna hata mmoja aliyesema *alikuwa anakijua kabla hajaugua*. Wamesema alikijua, wakakoma hapo."

Binti akalia kwa hasira, akaosha vyombo kwa kelele, akavunja sahani moja. Siku ya nne hasira ilipoisha alimjia na ombi jingine, kwa sauti ndogo. "Baba, huko stoo kwenu hakuna hata kanda moja yenye sauti ya mama? Nimeanza kuisahau. Nakumbuka ile ya mwisho tu, ya kuugua. Ile nyingine, ya kunipigia kelele nifanye kazi za shule, siisikii tena."

Sauti akaahidi kutafuta. Alitafuta kwa wiki tano. Stoo ilikuwa na kanda za miaka arobaini, makasha na makasha, na zaidi ya mia tano zilikuwa za saa saba, zenye koo lake mwenyewe. Alizisikiliza kwa vipokea sauti vya zamani vilivyokwaruza masikio. Alisikia kijana aliyejifunza jana kusema HOS-pi-tal akilitamka kwa uangalifu kama mtu anayebeba yai. Alimsikia akizoea, akipata kasi, akizeeka. Kila neno refu lililosimama sawasawa, aliujua mkono uliolisimamisha. Alitafuta kikohozi, kicheko nyuma ya mlango, siku yoyote ambayo Mwalimu alipita studioni kumletea mwavuli. Hapakuwa na kitu. Siku hiyo ya mwavuli aliikumbuka vizuri, na kanda yake aliipata. Lakini fundi mitambo alikuwa hodari, alizima maikrofoni kabla mlango haujafunguliwa.

Jumamosi ya wiki ya sita akamrudia binti mikono mitupu, ila na kanda moja na mashine ya kuichezea aliyoazima.

"Sikuipata sauti yake," akamwambia. "Hayumo hata kwenye moja. Samahani, mwanangu."

"Na hiyo?"

"Ni habari tu za mwaka uliozaliwa. Kama hutaki, basi."

Binti akavuta kiti. Baba akabonyeza kitufe, kanda ikakohoa, kisha mtu mwenye umri mdogo kuliko binti mwenyewe akaanza kusoma habari za bunge, taratibu, bila kukosea hata silabi moja. Walisikiliza mpaka mwisho, dakika kumi na tano, pamoja na hali ya hewa. Binti alikuwa ameweka kichwa mezani juu ya mikono yake. Kanda ilipokwisha ikaendelea kuzunguka tupu, na hakuna kati yao aliyenyanyuka kuizima.